Kupasua saruji bila kutimua vumbi uwanjani

Saruji nyingi ya Unguja na Pemba husagwa Bara, na viwanda vya huko hunasa vumbi kwa vichujio vya mifuko. Kwetu vumbi hutoka pale unapopasuliwa mfuko wa kilo 50. Hulivuta fundi, na mtoto wa jirani anayepita kwenda skuli.

1. Tazama upepo. Simama ukupige ubavuni. Ukikupiga mgongoni, vumbi huzunguka likakurudia usoni. Upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, simamisha ua wa makuti au turubai, na uuhamishe kusi ikiondoka na kaskazi ikaingia.

2. Rowesha mchanga. Ukiukamata, ushikane bila kuchuruza maji.

3. Chimba shimo katikati ya mchanga, ulaze mfuko humo. Usiubwage kutoka begani. Pasua tumbo kwa kisu ncha hadi ncha, upindue mpasuo uangalie chini, shika pembe mbili, vuta taratibu. Saruji itateleza chini kimya. Funika kwa mchanga mbichi, ndipo upindue kwa beleshi. Mfuko mtupu usiukung'ute hata mara moja! Hapo ndipo vumbi jingi linapotoka. Ukunje kuanzia mdomoni.

4. Iliyomwagika sakafuni usiifagie kavu wala usiimwagie maji, itaganda. Tandaza mchanga mbichi, fagia, tia kwenye mchanganyiko uleule.

MASUALI

Wete: Mwalimu, leso ya kufunga puani haitoshi?
Haitoshi, ndugu yangu. Chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu hupita. Tafuta barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95, ubane waya wa puani. Mwenye ndevu nyingi ajue huvuja pembeni.

Fuoni: Ikiingia jichoni?
Usifikiche. Saruji ikikutana na unyevu huunguza. Fumbua kope, pitisha maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Mkoani: Nilirowesha mchanga kama ulivyosema, matofali yakatoka mengine laini, mengine yamebonyea. Kosa liko wapi?
Kwenye maji na kipimo. Mchanga mbichi tayari umebeba maji, kwa hiyo punguza ya kuchanganyia. Tena huvimba, ndoo inajaa na mchanga wenyewe mchache. Pima ungali mkavu, ndipo uroweshe. Na saruji ikishagusa unyevu usiiache ikikusubiri, changanya papo hapo.