Somo: Kumpiga picha kitwitwi ukiwa umelala chini

Wadau, naandika hii mara moja ndio nikiulizwa tena nikuelekeze hapa. Kila nikiweka picha ya kitwitwi, hawa ndege wa kando ya maji, swali ni lile lile, ni lenzi gani, na kila siku najibu si lenzi, nilikuwa nimelala kwa matope. Ukimpiga ukiwa umesimama unapata mgongo wake na tope nyuma yake, basi. Ukishuka mpaka usawa wa jicho lake, nyuma yake inakuwa ng'ambo ya ziwa, mbali, inalainika yenyewe, na yeye anakuwa na uso.

1. Anza karibu. Viwanja vya mpira vikijaa maji baada ya mvua utampata yule mweusi, mweupe na kijivu anayelia tink tink kama nyundo ya fundi.

2. Fika kabla jua halijachomoza. Likitoka, likae mgongoni kwako.

3. Kasi ya shata 1/1000 ya sekunde akitembea, 1/2000 akiruka. Tundu la lenzi f/5.6 mpaka f/8. Fokasi kwa jicho la ndege.

4. Nunua sinia ya bati ya mafundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, weka kimfuko cha nafaka ndani, kamera juu yake, unasukuma kwa matope. Tripodi hata ile fupi bado iko juu sana.

5. Usimwendee moja kwa moja. Tambaa kwa mshazari, akiinua kichwa tulia. Angalia anakula akielekea wapi, mtangulie, lala ungoje. Atakuja mwenyewe.

6. Hapa ndio nilichoma. Nilienda Ziwa Magadi, kama kilomita 110 kutoka Nairobi ukipitia Kiserian, nikaona ule weupe umekauka kama sakafu, nikalala. Ukoko ukavunjika, chini yake ni tope la magadi, haya haya tunayolainishia maharagwe, sasa fikiria yameingia kwa viwiko vilivyochubuka. Nilivumilia kwa sababu mbele yangu kulikuwa na wale wadogo wenye mkanda wa rangi ya kutu kifuani, na hao kwa Kenya ukiwataka unaenda Magadi. Kosa kubwa likaja baadaye. Lenzi ilikuwa na matone yamekauka, nikafuta na shati. Magadi yakikauka ni chembe chembe, nilisikia kioo kikikwaruzwa, na mpaka leo nikipiga kuelekea jua ile mikwaruzo inaonekana. USIFUTE KIKAVU. Puliza kwanza, halafu kitambaa chenye maji safi, kikavu ndio mwisho. Vaa mikono mirefu, lala juu ya turubai, pima ukoko kwa fimbo kabla hujaweka uzito, beba maji ya kuosha mbali na ya kunywa. Na usiende peke yako, tafadhali.

7. Kwenye weupe ule kamera inatoa picha ya kijivu, ongeza mwanga. Ndege mweupe kwa tope jeusi, punguza.

8. Ondoka vile ulikuja, ukitambaa.

MASWALI

Wa Umoja: Somo poa mkuu. Sasa unatumia lenzi gani?

Jibu: Soma mwanzo.

Wa Umoja: Si nimeuliza tu.

Jibu: 300mm. Rudi namba 5.

Wa Lang'ata: Naeza lala ukingoni pale Hyena Dam, ndani ya Nairobi National Park?

Jibu: Hapana. Kushuka gari ni sehemu zilizoruhusiwa pekee, na simba wako. Na Naivasha pia usilale ukingoni alfajiri, saa hiyo viboko wanarudi majini.

Wa Kasarani: Mimi fokasi inashika jicho kabisa lakini picha inatoka laini, hasa kuanzia saa nne. Nimepeleka lenzi kwa fundi mara mbili. Inaweza kuwa nini?

Jibu: Dada, asante kwa kutaja saa, jibu liko hapo. Ardhi ikipata joto hewa inapanda ikitetemeka, na wewe ukiwa chini unapiga ndani ya hiyo hewa kutoka kwako mpaka kwa ndege, aliyesimama haimsumbui hivyo. Jaribu hivi, piga jiwe picha ishirini mfululizo, zingine zikiwa kali na zingine zimeyumba basi ni hewa, lenzi ni nzima. Mimi saa tatu nafunga, ama nangoja mawingu, ama nasogea karibu, maana mita 8 hewa ni kidogo kuliko mita 30.

Wa Kasarani: Kumbe! Na kuna mmoja alikuwa anaburuta bawa kama limevunjika, nikamfuata nimsaidie.

Jibu: Hakuwa ameumia, alikuwa anakuvuta mbali na mayai au vifaranga. Ukiona hivyo rudi ulikotoka, polepole, ukiangalia chini. Mayai yanafanana na changarawe, na kuna aina moja inayafukia kwa mchanga ikiondoka, utakanyaga bila kujua. Kiota mimi sipigi.

Wa Ngong: Nikiwarusha makusudi nipate picha wakiruka ni vibaya?

Jibu: Ndiyo, usifanye. Wale wadogo kabisa, si wale wa mkanda wa Magadi, hawafiki gramu 30 kwa kawaida, wametoka kaskazini kabisa mwa Urusi, wanaanza kuingia Agosti, na Machi mpaka Aprili wanajaza mafuta ya kurudi. Ukiwarusha unawamalizia hiyo akiba.

Wa Ngong: Sawa, nimeelewa. Mimi badala ya sinia natumia kikaango nilichokata mpini, ulikuwa unashika nyasi.

Jibu: Hiyo nzuri, nitajaribu.

Wa Umoja: Kimfuko ni maharagwe ama mchele?

Jibu: Yoyote. Yakilowa mwaga uanike siku hiyo hiyo, yangu yaliwahi kuota.