Namna ya Kufuatilia Maisha ya Kisiasa ya Kiongozi wa Jimbo Nchini India: Mfano wa N. T. Rama Rao

Anayetaka kuielewa safari ya kisiasa ya kiongozi wa jimbo nchini India hukutana kwanza na mabango, sanamu na masimulizi ya umaarufu, na wengi huishia hapo. Mwongozo huu unamchukua N. T. Rama Rao, mwigizaji wa filamu za Kitelugu aliyekuja kuwa waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, wa Andhra Pradesh kusini mwa India, ili kuonyesha njia iliyo bora zaidi, nayo ni kufuata hesabu ya wabunge wa jimbo: walikuwa upande wa nani, walipatikanaje, na waliondoka kwa sababu gani. Rama Rao aling'olewa madarakani mara mbili, mwaka 1984 na mwaka 1995. Mara ya kwanza alirudi baada ya mwezi mmoja, mara ya pili hakurudi tena, ilhali alikuwa nyota yuleyule. Tofauti hiyo haielezeki kwa umaarufu peke yake.

Anza kwa kuchunguza udhaifu wa chama kilichotawala kabla yake. Kati ya 1978 na mwanzo wa 1983, chama cha Congress kilibadilisha mawaziri viongozi wanne wa Andhra Pradesh, na uamuzi wa nani aondoke na nani aingie ulifanywa Delhi, makao ya serikali kuu. Februari 1982, katika uwanja wa ndege wa Begumpet mjini Hyderabad, Rajiv Gandhi, mwana wa Waziri Mkuu wa India, alimkaripia hadharani waziri kiongozi T. Anjaiah, na muda mfupi baadaye Anjaiah akaondolewa. Rama Rao alitangaza chama chake cha Telugu Desam tarehe 29 Machi 1982, akiwahutubia watu ambao tayari walikuwa na kinyongo. Hoja yake kuu ilikuwa heshima ya Watelugu, yaani wasemaji wa Kitelugu. Alizunguka vijijini kwa gari la Chevrolet lililofanyiwa ukarabati, likiendeshwa na mwanawe Harikrishna, naye akihutubia akiwa amesimama juu ya paa lake. Wasikilizaji wengi walikuwa wamekwisha kumwona kwenye filamu akiigiza kama Krishna na Rama, miungu ya Wahindu, na sura hiyo ilimsaidia sana. Lakini bila kinyongo kile nina shaka kama ingemfikisha popote. Januari 1983, chama chenye umri wa miezi tisa kilipata takriban viti 200 kati ya 294.

Hatua ya pili ni kuisoma Katiba kabla ya kuyasoma magazeti. Msomaji wa Kenya aliyezoea gavana anayechaguliwa na wananchi ajihadhari hapa, kwa kuwa gavana wa jimbo la India huteuliwa na Rais kwa ushauri wa serikali ya Delhi, na ndiye anayemwapisha waziri kiongozi. Kifungu cha 356 kinairuhusu serikali kuu kulitawala jimbo moja kwa moja. Ni hadi Machi 1994, katika kesi ya S. R. Bommai, waziri kiongozi wa zamani wa Karnataka, ambapo Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba wingi wa wabunge upimwe ndani ya ukumbi wa bunge la jimbo. Kila tukio lililotangulia mwaka huo lisomwe kwa kukumbuka kwamba kinga hiyo haikuwapo.

Sasa lichambue tukio la 1984 hatua kwa hatua, kwani hapa ndipo penye somo kubwa kuliko pote. Rama Rao alikuwa amerejea kutoka Marekani alikofanyiwa upasuaji wa moyo. Tarehe 16 Agosti, gavana Ram Lal alimwondoa na kumwapisha waziri wake wa fedha, Nadendla Bhaskara Rao, bila kumpa nafasi ya kuthibitisha wingi wake bungeni. Rama Rao aliwapeleka wabunge wake mbele ya gavana, kisha akasafiri nao hadi kwa Rais Zail Singh, yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ili wahesabiwe kwa macho. Baadaye wabunge hao walihifadhiwa Karnataka, jimbo lililoongozwa na Ramakrishna Hegde wa chama cha Janata, wasipate kurubuniwa. Gavana alibadilishwa, Bhaskara Rao akashindwa kuonyesha wingi, na tarehe 16 Septemba Rama Rao akarudishwa. Maandamano yalikuwa makubwa na yalistahili heshima, lakini kilichomrudisha kilikuwa wabunge waliokataa kuachana naye.

Sera zake zisipuuzwe. Mchele wa rupia mbili kwa kilo ulimjengea uaminifu kwa maskini, na sheria ya kuwapa mabinti wa Kihindu haki sawa katika mali ya ukoo ilitangulia ile ya nchi nzima iliyokuja mwaka 2005. Hata hivyo alishindwa uchaguzi wa 1989.

Mwaka 1994 alirudi kwa kishindo, viti 216 dhidi ya 26 vya Congress. Weka hesabu hiyo kando ya Agosti 1995, wakati N. Chandrababu Naidu, mume wa binti yake, alipowakusanya wabunge wengi wa chama hichohicho katika hoteli ya Viceroy mjini Hyderabad, manung'uniko yao yakiwa juu ya nguvu za Lakshmi Parvathi, mke wa pili wa Rama Rao. Spika alilitambua kundi la Naidu, naye akaapishwa tarehe 1 Septemba. Safari hii waliohama walikuwa wengi, na hapakuwa na gavana wa kulaumiwa. Rama Rao alifariki tarehe 18 Januari 1996.

Unapoihamishia njia hii kwa kiongozi mwingine, angalia kwanza sheria ya kuhama chama ilivyokuwa wakati huo. Sheria ya 1985 iliruhusu theluthi moja ya wabunge kujitenga bila kupoteza viti. Marekebisho ya 2003 yaliiondoa ruhusa hiyo na kuacha ile ya theluthi mbili kuungana na chama kingine. Ndiyo maana mwanasiasa Eknath Shinde, alipokigawa chama cha Shiv Sena katika jimbo la Maharashtra mwaka 2022, alidai kwamba kundi lake ndilo chama chenyewe, na Spika akamkubalia dai hilo Januari 2024.