Safari Fupi ya Kifahari Nchini kwa Wainka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka

Katika safari ya wiki moja Peru, kinachoharibu mambo zaidi ni mpangilio wa siku. Mtu hulipia hoteli nzuri, treni nzuri na meza nzuri, kisha anatua Cusco asubuhi, anakula mchana hadi kushiba, jioni anajaribu glasi mbili za pisco, pombe kali ya zabibu, na usiku kichwa kinampasuka. Kesho yake yuko kitandani, kesho kutwa anajikokota. Siku mbili kati ya saba zimeshakwenda. Kwa hiyo tazama mwinuko wa kila mji kwanza. Hoteli zichaguliwe baadaye.

Mwinuko ndio unaopanga ratiba

Lima iko ukingoni mwa bahari ya Pasifiki. Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka (watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania kuja), uko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na ndege kutoka Lima huchukua saa moja na ushei tu. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa upesi: kambi ya Mandara iko mita 2,720 na ya Horombo mita 3,720. Cusco iko kati ya hizo mbili. Mpanda mlima hufika Horombo siku ya pili, kwa miguu, polepole. Abiria wa ndege hufika Cusco kabla mwili haujajua kwamba umeondoka pwani.

Kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja. Dalili (kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi, kuchoka bila sababu) huanza kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Saa za kwanza wanajiona wazima, wanapanda ngazi za ngome ya kale ya Sacsayhuamán, wanakula na kunywa, na usiku ndio unawaadhibu.

Dawa yake ni kutolala Cusco usiku wa kwanza. Gari likupokee uwanja wa ndege na kukuteremsha moja kwa moja hadi Bonde Takatifu la mto Urubamba, mwendo wa kama saa moja na nusu. Mji wa Urubamba uko mita 2,870 hivi, Ollantaytambo karibu mita 2,800. Lala huko siku mbili, kisha Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka, ambayo yako chini zaidi, mita 2,430, halafu umalizie Cusco mwili ukiwa umeshazoea. Angalizo moja: barabara inayotumiwa sana hupitia Chinchero, mita 3,760. Madereva hupenda kusimama pale kwa maonyesho ya ufumaji. Siku ya kwanza mwambie apite, mtarudi.

Baadhi ya hoteli za Cusco, zikiwamo Monasterio na Palacio Nazarenas, huongeza oksijeni vyumbani. Husaidia usingizi, na kwa anayeweza kulipa si pesa ya kutupa. Lakini ukitoka kwenda kula, hewa ya barabarani ni ileile wanayovuta wote.

Kuhusu dawa, inayotumika zaidi kwa kinga ni asetazolamaidi, kwa kawaida miligramu 125 kila baada ya saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi siku mbili baada ya kufika. Itakupeleka msalani mara kwa mara, vidole vitachonyota, na soda itakosa ladha. Mwenye mzio wa dawa za salfa amuone daktari kwanza. Na kuna jambo ambalo vitabu vingi vya watalii hulipita, ilhali linatuhusu sana watu wa Afrika Mashariki na Kongo: selimundu. Mgonjwa wa selimundu asiende kwenye kimo hiki bila idhini ya daktari wake. Hata mbebaji wa vinasaba ambaye hajawahi kuugua anaweza, kwa nadra, kupata madhara ya wengu huko juu; maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu ni ya kupeleka hospitali. Kama hujui hali yako, pima kabla.

Chai ya majani ya koka utapewa hotelini mara tu unapofika. Ni halali Peru na huleta ahueni kidogo, ila inaweza kufanya kipimo cha dawa za kulevya kionyeshe kokeini. Rubani, baharia au mwanajeshi aikatae kwa upole. Dalili za hatari kwa yeyote ni kupumua kwa shida hata akiwa ameketi, kuyumba kama mlevi, na kuchanganyikiwa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Shuka.

Tiketi hukatwa kwa utaratibu huu

Anza na Machu Picchu, kisha treni, kisha hoteli, mwisho ndege ya ndani. Ukianza na hoteli utajikuta una chumba cha tarehe ambayo tiketi zimekwisha. Tangu Juni 2024 magofu yamegawanywa katika mizunguko mitatu, yenye njia kumi ndani yake, na tiketi ya mzunguko mmoja haikuruhusu kuingia mwingine. Mzunguko wa 1 hupita juu, kwenye matuta ya kupigia picha maarufu, bila kushuka ndani ya mji. Wa 2 una picha hiyo na mji wenyewe. Ndio unaokwisha mapema. Wa 3 hupita sehemu za chini, na njia yake mojawapo ndiyo ya kupanda mlima Huayna Picchu. Kwa Juni hadi Agosti, miezi ya ukavu, tafuta tiketi miezi mitatu au minne kabla.

Wakala akikuambia “kiingilio kimo”, muulize: mzunguko namba ngapi, njia gani, saa ngapi? Swali hili liulizwe hata unaponunua treni ya kifahari ya Hiram Bingham, ambayo bei yake inajumuisha mlo, basi, kiingilio na mwongozaji. Saa za tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24: 08:00 ni saa 2 asubuhi. Mkitumiana ujumbe na wenzenu wa safari, andikeni kama ilivyo kwenye tiketi ili asiwepo wa kuachwa.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba ya pasipoti vivyo hivyo. Sisi wenye majina matatu, la baba na la babu yakiwa yamekaa kwenye mstari tusioutarajia, tunakosea hapa kirahisi. Mlangoni huonyeshwa pasipoti yenyewe, nakala haitoshi. Ukibadilisha pasipoti baada ya kununua tiketi, omba marekebisho mapema na ubebe ya zamani pia.

Treni zinazoondoka Ollantaytambo hufika Aguas Calientes, mji ulio chini ya magofu, kwa chini ya saa mbili. Sanduku kubwa halipandi. Unaruhusiwa begi dogo, na kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye tiketi. Acha mizigo hotelini bondeni na ubebe nguo za usiku mmoja. Kutoka Aguas Calientes basi hupanda kama nusu saa, na foleni yake asubuhi ni ndefu, kwa hiyo uwe kwenye mstari saa nzima kabla ya muda wako. Ndani ya magofu hakuna choo. Vipo nje ya lango, vya kulipia kwa sarafu. Begi lisizidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20. Chakula, droni, vijiti vya kupigia picha na miguu ya kamera haviingii.

Usiiweke Machu Picchu siku ya mwisho kabla ya ndege ya kurudi. Mvua kubwa za Januari na Februari huporomosha udongo juu ya reli, na migomo nayo hufunga njia: mapema mwaka 2023 magofu yalifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya maandamano. Ukiiweka katikati, unabaki na siku ya kusogeza. Bima nayo isomwe: je, inalipa safari ikikatizwa na mgomo, na inagharimia kushushwa kutoka mita 3,500?

Kiingilio cha Machu Picchu hakifungui sehemu nyingine. Pisac, Ollantaytambo, Moray, Chinchero na Sacsayhuamán huingiwa kwa tiketi ya pamoja ya watalii, ile nzima ikidumu siku 10. Qorikancha, hekalu la jua ambalo Wahispania walijenga nyumba ya watawa ya Santo Domingo juu yake, lina kiingilio chake. Mashimo ya chumvi ya Maras vilevile. Beba soli (pesa ya Peru) taslimu kwa hizi.

Chakula, na kwa nini kinaelezea magofu

Anayekula bila kutazama matuta ya kilimo ya Wainka, au anayetazama matuta bila kula, amepata nusu. Wainka hawakuwa na ng'ombe, ngano wala mchele. Himaya yao ilisimama juu ya viazi, mahindi na kinoa (mbegu ndogo zinazopikwa kama nafaka), na juu ya uwezo wa kuvihifadhi. Ukiwa Ollantaytambo, geuka utazame mlima Pinkuylluna ulio ng'ambo ya mji. Majengo yaliyong'ang'ania mwambani ni maghala, yaliyowekwa pale ili upepo na baridi vikaushe nafaka. Kisha mezani omba chuño: viazi vilivyoachwa nje usiku wa baridi kali vikagande, vikakanyagwa kutoa maji, vikakaushwa juani kwa siku kadhaa. Hudumu miaka. Ladha yake kwa mgeni ni ya udongo kidogo, na katika supu ndipo hukubalika.

Jioni au mbili za Lima zitumike kwa meza kubwa. Central ya Virgilio Martínez na Pía León ilitajwa ya kwanza duniani katika orodha ya migahawa 50 bora mwaka 2023, na Maido ya Mitsuharu Tsumura ikashika nafasi hiyo mwaka 2025. Nafasi huisha miezi kabla, kwa hiyo mgahawa utakaouchagua unaweza kuamua tarehe zako za Lima. Mil, ulio kando ya duara za matuta ya Moray, huandaa mlo wa mchana wenye sahani nyingi kwenye kimo cha mita 3,500 hivi. Usiupange siku uliyotua. Tumbo huko juu husaga polepole, na mlo wa saa tatu kwa mtu asiyezoea hewa ni adhabu ya bei ghali.

Ceviche, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu, ni ya mchana. Migahawa yake mizuri Lima hufungwa saa 10 au 11 jioni, na ile inayouza usiku wa manane iogopwe. Ndimu hubadilisha nyama ya samaki ikaonekana kama imeiva, lakini haiui vijidudu vyote. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu wachague causa, viazi vilivyopondwa kwa pilipili ya njano na ndimu, baada ya kuuliza kilichomo katikati.

Cuy ni simbilisi, na mara nyingi huletwa mzima, kichwa na meno juu. Asiyetaka kumtazama aombe akatwe jikoni. Pachamanca, nyama na viazi vinavyofukiwa ardhini pamoja na mawe ya moto, huagizwa angalau siku moja kabla. Kwa kawaida huwekwa nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aseme mapema na kwa maandishi, kwa Kihispania. Nyama ya kuchinjwa kihalali ni ngumu kupatikana Cusco na bondeni. Wengi hutegemea samaki wa mtoni aina ya trauti, mayai, kinoa na maharage. Uliza pia kuhusu pisco na divai kwenye mchuzi, maana hutiwa bila kutajwa. Chicha morada, ya mahindi ya zambarau, haina kileo. Chicha de jora imechachuka.

Rocoto hufanana na pilipili hoho, ila huwasha. Maji ya bomba hayanywewi hata katika hoteli ya nyota tano.

Pesa, viza na mambo madogo

Mtalii asiyeishi Peru na anayekaa chini ya siku 60 anasamehewa kodi ya asilimia 18 kwenye bili ya chumba, mradi hoteli ione pasipoti na kumbukumbu yake ya kuingia nchini. Kwa chumba cha bei ya juu hiyo ni pesa nzuri. Kagua bili kabla ya kutia saini. Dola zenye mchaniko hata mdogo hukataliwa.

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Peru, na ianze kushughulikiwa kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa. Ukipitia Marekani unahitaji viza yao hata kama hutoki uwanja wa ndege. Mwenye pasipoti ya Kongo (DRC) anahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen.

Umeme ni volti 220, lakini plagi ni za pini mbili. Za pini tatu bapa zinazotumika kwetu hazitaingia. Juni na Julai usiku wa Cusco hukaribia sifuri na mchana jua huchoma, kwa hiyo nguo ziwe za tabaka na losheni ya jua ya nguvu. Machu Picchu kuna vijinzi vinavyouma vifundoni bila kusikika. Suruali ndefu na dawa ya kufukuza wadudu.

Mwisho, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kuzunguka Cusco hakuhitajiki, lakini Peru imo katika nchi zenye ugonjwa huo, na Tanzania na Kenya hukidai kwa anayetoka huko. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa. Na kabla ya kufunga sanduku la kurudi, toa majani, peremende na vifuko vya chai ya koka, vyote, hata vile ambavyo hoteli iliviweka juu ya mto wa kulalia kama zawadi.