Kutumia Monita, Kibodi na Printa za Zamani kwenye Kompyuta Mpya

Wateja wengi wanaokuja kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hudhani kwamba anayenunua kompyuta mpya lazima anunue na vyote vinavyoizunguka. Si lazima. Fedha utakayookoa kwa kubaki na monita yako ni afadhali uiongeze kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya mashine mpya.

Hatua ya kwanza ni kupiga picha kwa simu matundu yote yaliyo nyuma ya kompyuta ya zamani, pamoja na yale ya monita na printa, kisha kwenda nayo dukani ili uyalinganishe na ya mashine unayotaka kununua.

Hatua ya pili ni monita. Nyingi za zamani zina tundu la VGA, lile la pini 15 lenye skrubu mbili ubavuni, ilhali kompyuta za sasa aghalabu zina HDMI au DisplayPort pekee. Kwa kuwa VGA hupitisha mawimbi ya analojia na HDMI ni ya dijitali, waya mtupu hautoshi. Unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake, tena cha kutoka HDMI kwenda VGA, kwa sababu cha mwelekeo wa kinyume hakitakusaidia. Mwombe muuzaji akichomeke mbele yako kabla hujalipa. Ikiwa monita ina tundu la DVI pia, tumia hilo, maana waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI unatosha. Picha ikionekana kuvutika, fungua mipangilio ya skrini uchague kipimo cha asili cha monita, kwa mfano 1280 kwa 1024 kwa zile nyingi za inchi 17 zenye umbo la karibu mraba.

Kibodi na kipanya vya USB huchomekwa tu. Vile vya PS/2, vyenye plagi ya duara ya zambarau na ya kijani, huchomekwa kompyuta ikiwa imezimwa. Kama mashine mpya haina matundu hayo, binafsi sioni haja ya kuhangaika, kwani kibodi ya USB si ghali.

Printa ndiyo yenye kazi. Waya wake wa USB utaingia bila shida, lakini Windows 11, inayokuja na kompyuta nyingi mpya, ni ya biti 64 pekee na haipokei draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa) za zamani za biti 32. Kwa hiyo, kabla ya kununua kompyuta, tafuta modeli ya printa yako kwenye tovuti ya mtengenezaji uhakikishe kwamba draiva ya biti 64 ipo. Ukiipata, soma maelekezo yake, kwa kuwa printa nyingi za zamani hutaka programu iwekwe kwanza ndipo waya uchomekwe. Usipoipata, jaribu Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, ambao bado unazihudumia printa nyingi zilizokwishaachwa na watengenezaji. Wenye steshenari wanaweza kuibakiza mashine ya zamani, wakaiwekea Linux, ikawa ya kuchapia tu.

Mwisho ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ambayo kwa umeme wetu wa kukatika huwezi kuiacha. Ichaji, kisha chomeka taa kwenye UPS badala ya kompyuta, uiwashe, na uichomoe UPS ukutani. Taa ikizimika papo hapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba betri imekufa. UPS nyingi ndogo hutumia betri moja ya volti 12, nayo hununuliwa peke yake.