Hita ya jakuzi imegoma: utengeneze au ununue mpya?

Mwenye nyumba mmoja wa Paje aliniita nimfungie hita mpya aliyoiagiza Dubai. Kaisubiri wiki tano, usafiri kalipa yeye. Kabla sijafungua boksi nikachomoa filta ya jakuzi. Imejaa mchanga na mafuta ya kujipaka ya wageni, nzito kama godoro lililonyeshewa. Nikawasha bila filta, na baada ya saa moja maji yalikuwa yamepanda nyuzi mbili. Hita ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Ile mpya mpaka leo iko stoo kwake.

Ndiyo maana somo hili linaanzia mbali na hita. Msimamo wangu nautoa mapema: vinavyoizunguka hita vitengenezwe, lakini hita yenyewe ikishavuja umeme haitengenezwi.

Hatua ya 1: Maji yanatembea?
Hita ya jakuzi ni bomba fupi la chuma cha stenlesi lenye elimenti (koili ya kupashia joto) ndani, na maji hupita humo yakisukumwa na pampu. Maji yakipungua kasi, kiswichi cha usalama kinaikatia hita umeme ili isiungue. Paneli nyingi huandika FLO au FL hapo, na OH joto likizidi. Toa filta, hakikisha maji yamefika juu ya midomo inayofyonza, toa hewa kwenye pampu, kisha jaribu tena. Ikichemsha, kazi imeisha. Osha filta au nunua nyingine.

Hatua ya 2: Umeme unafika?
Hapa na kuendelea ni kazi ya fundi umeme. Maji na umeme viko sanduku moja, usijitie ujasiri. Jakuzi likiwa linaita joto, fundi apime volti kwenye ncha mbili za hita. Akikuta sifuri, tatizo liko kwenye bodi (saketi inayoendesha jakuzi), rilei (swichi inayoiwashia hita umeme), sensa au kiswichi cha joto, na hivyo vyote vina spea. Akikuta volti 190, usiilaumu hita. Nguvu ya hita hushuka kwa kasi kuliko volti: ya kilowati 3 iliyotengenezwa kwa volti 230, ukiipa 190 inabaki na kilowati 2 tu. Wengi huja kwangu wakisema "hita imechoka" kumbe kilichochoka ni laini ya mtaani, hasa jioni.

Hatua ya 3: Pima elimenti
Zima breka, hakikisha kwa mita kuwa umeme haupo, chomoa nyaya mbili za hita. Pima ohmu kati ya ncha zake. Ya kilowati 3 isome kama 17 au 18, ya kilowati 2 kama 26. Mita isiposoma kitu, koili imekatika.

Hatua ya 4: Inavuja?
Hiki ndicho kipimo kinachoamua. Elimenti inaweza kusoma ohmu zake sawasawa huku ganda lake limepasuka na umeme unaingia majini. Multimita ya kawaida haitoshi, tumia mega (mita ya kupima umeme unaovuja) ya volti 500 kati ya ncha ya elimenti na bomba. Chini ya megohmu 1, mimi natoa. Huna mega? Nyaya zikiwa zimechomolewa na ncha zake kufungwa vizuri, washa. ELCB (breka inayokata umeme ukivuja) iliyokuwa ikikata sasa ikashika, mwizi umempata: ni hita.

Hatua ya 5: Elimenti tu, au bomba zima?
Fungua uchungulie kwa tochi. Ukiona ukoko mweupe wa chokaa lakini chuma ni laini, badilisha elimenti na oringi zake (mipira ya kuzuia maji), bomba libaki. Ukiona vidoa vya kutu vyenye vishimo, hata kimoja cha ukubwa wa kichwa cha pini, badilisha vyote. Kishimo hicho kitatoboka, na maji yatadondokea bodi, ambayo ni ghali kuliko hita.

Ukoko ulowekwe kwenye siki au asidi ya ndimu. Dawa ya kusafishia choo usiiguse: nyingi zina asidi ya hidrokloriki, nayo huila hiyo hiyo stenlesi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, fundi wangu kaunganisha nyaya mbili za kile kiswichi cha maji na hita inachemsha vizuri. Kuna haja ya kubadilisha kitu?*
Rudisha kiswichi leo, kabla hajaingia mtu. Pampu ikisimama, hita itaendelea kuchemsha maji yaliyotuama humo mpaka bomba liungue. Na kama aliipita ELCB pia, usimwite tena.

*Shikamoo fundi. Niko Jambiani, kisima changu kina chumvi. Hii ni elimenti ya tatu.*
Marahaba. Maji ya visima vya huko yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, chokaa ni ya kutosha, na ukiongeza chumvi stenlesi haidumu. Kwako nunua ya titani, ingawa bei itakuuma. Jaza kwa maji ya mvua au ya bowsa ukiweza, na pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Vile vidonge vya klorini vya kuyeyuka taratibu hushusha pH, usiviache vielee humo usiku kucha.

*Jakuzi langu limetoka Marekani, la volti 240 na hezi 60. Linachemsha polepole, nibadilishe hita?*
Hapana. Kwa volti 230 hita inakupa kama asilimia 92 ya nguvu yake, hilo si tatizo. Kinachobadilika ni pampu: kwa hezi 50 inazunguka tano ya sita ya kasi yake, maji yanapungua, kiswichi kinakatakata. Shughulikia pampu. Na mwunganisho wake wa umeme ukaguliwe, Wamarekani hugawa nyaya tofauti na sisi.

*Nina ya kilowati 2. Nikiweka ya 3, si itachemsha haraka?*
Itachemsha. Lita 1,000 kutoka nyuzi 27 hadi 38 zinataka karibu yuniti 13 za umeme: saa sita na nusu kwa hita ya 2, saa nne na kitu kwa ya 3. Lakini unatoka ampia 9 kwenda 13, hivyo rilei na waya viwe vinahimili. Kabla ya hapo, niambie kwanza: mfuniko unao?