Mvua Ikiwahi na Korosho Bado Zinadondoka: Mambo ya Kuandaa Kabla

Msimu wa korosho kusini huanza Oktoba, na wengi wetu hutegemea jua la Novemba kukausha. Mvua nayo ina miaka yake ya kuwahi. Mkulima wa Newala au Ruangwa akikutwa hajajiandaa, nusu ya mavuno inalala kwenye matope.

Anza chini ya mikorosho. Fyeka na kufagia mapema, kwa sababu mvua ikishanyesha itabidi uokote kila siku, na porini korosho hazionekani. Ikilala kwenye udongo wenye maji, korosho hubadilika rangi ndani, huota ukungu au huchipua kabisa. Usipopoe mabibo (matunda yanayobeba korosho) mtini eti uiwahi mvua. Utavuna korosho changa, nyepesi, za daraja la pili. Bibo litenganishe siku hiyohiyo, kwani maji yake huchafua ganda. (Mabibo hayana hasara, wapika uraka, pombe ya mabibo, mnawajua.)

Mahali pa kuanikia ndipo watu wengi wanapokosea. Sakafu ya saruji haina mpinzani. Huna? Tengeneza uchanja ulioinuka. Turubai likitandikwa juu ya ardhi iliyoloa, unyevu hujikusanya chini na korosho za tabaka la chini hubaki mbichi wakati za juu zinalia kwa ukavu. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, jioni kusanya na ufunike, asubuhi funua umande ukishakauka. Jua kali linataka siku mbili au tatu. Mawingu yakitanda, ongeza. Siku zenyewe zisikudanganye: bonyeza ganda kwa ukucha, likiacha alama bado. Unyevu unaotakiwa ni kama asilimia 8 hadi 10.

Moshi na moto wa jikoni sahau. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na joto likizidi huvuja na kuharibu kiini.

Magunia ulizia AMCOS (chama chenu cha ushirika) mapema, yawe ya juti, maana salfeti haipumui. Ndani ya stoo weka chaga chini ya magunia na uache nafasi kati ya magunia na ukuta.

Lililo zito kuliko yote: korosho zilizonyeshewa zisichanganywe na kavu, hata kama ni debe moja tu na mnada uko karibu. Kwenye stakabadhi ghalani (unaweka mzigo ghala kuu, unapewa risiti, unasubiri mnada) mzigo wako unalala ghalani pamoja na wa wenzako, na gunia moja lenye unyevu huambukiza ukungu majirani zake. Zilizonyeshewa zianike peke yake. Kabla ya kubeba kwenda kwenye mizani, paka mafuta mikononi, chota chache kutoka kila gunia uzipasue kwa kisu. Ukiona kiini kina madoa au harufu ya uvundo, gunia hilo libaki nyumbani, lichambuliwe upya na kurudishwa juani.