Jinsi ya kudai krediti ya kodi ya nishati ya nyumba kwa Fomu 5695

Haya ni kwa mnaoishi Marekani, mliofunga pampu ya joto, madirisha mapya au sola nyumbani. Kila msimu wa kodi napokea wateja ambao muuza sola aliwaahidi kwamba serikali itawaletea cheki ya asilimia 30. Hakuna cheki. Kuna krediti, na kazi yake ni kupunguza kodi unayodaiwa. Kodi ikifika sifuri, hakuna cha kurudishiwa juu yake.

Hatua ya 1: Hakiki tarehe na nyumba

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilifuta krediti zote mbili za nyumba, ya matengenezo na ya sola, na siku ya mwisho ikawa 31 Desemba 2025. Kinachoangaliwa ni siku ufungaji ulipokamilika. Ukilipa Novemba na fundi akamaliza Januari 2026, umekosa. Nyumba iwe Marekani na wewe uwe unaishi humo. Sola uliyoweka Kigamboni haihesabiki, wala nyumba uliyompangishia mtu na wewe unaishi kwingine.

Hatua ya 2: Tazama mstari wa 18 wa Fomu 1040

Watu wengi huanza na risiti. Mimi naanza hapa, kwenye ritani yako ya kodi, kwa sababu mstari huu ndio unaoonyesha kodi yako kabla ya krediti. Ukisoma sifuri na huna sola, pumzika; mwenye sola ajaze fomu hata hivyo, kwa sababu salio lake linahamia mwaka unaofuata.

Hatua ya 3: Tenga mafungu mawili

Fungu la kwanza ni la matengenezo ya kubana matumizi ya nishati: asilimia 30 ya gharama, kwa ukomo wa kila mwaka. Pampu za joto, pamoja na hita za maji zinazotumia pampu ya joto na majiko ya biomasi, zina dola 2,000. Vingine vyote kwa jumla vina dola 1,200, na ndani yake madirisha hayavuki 600, mlango mmoja 250 (milango yote 500), ukaguzi wa nishati 150.

Fungu la pili ni sola, betri ya angalau kilowati-saa 3, na pampu ya joto inayochota joto ardhini. Hapa ni asilimia 30 bila ukomo huo, na isipotumika yote, salio linahamia mwaka unaofuata. La kwanza halihamishiki.

Hatua ya 4: Gawa ankara

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea au kudaiwa kimakosa. Kwa pampu ya joto na sola, malipo ya fundi yanaingia kwenye hesabu. Kwa madirisha, milango na vihami joto vya darini, unahesabu vifaa peke yake. Ankara yenye mstari mmoja tu, "kazi ya darini, dola 3,400", haikufai. Mwambie fundi aiandike upya, vifaa kando na ufundi kando.

Chukua mfano. Pampu ya joto pamoja na ufungaji ni dola 9,000: asilimia 30 ni 2,700, lakini ukomo unakurudisha 2,000. Darini, vifaa 1,400 na ufundi 2,000: unapata 420. Jumla 2,420. Kama mstari wa 18 unasema 1,900, unatumia 1,900, na 520 zimekwenda na maji.

Kampuni ya umeme ikikupa ruzuku ya kununulia kifaa, itoe kwenye gharama kwanza. Wateja hukasirika nikisema hivyo, lakini piga hesabu: ruzuku ya 1,000 kwa pampu ile inashusha gharama hadi 8,000, asilimia 30 ni 2,400, na bado uko kwenye ukomo wa 2,000.

Hatua ya 5: Tafuta msimbo wa mtengenezaji

Ni namba ya utambulisho ya mtengenezaji, yenye herufi na tarakimu zisizozidi nne kwa jumla. Kwa vilivyofungwa mwaka 2025, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inaidai kwa madirisha, milango, pampu za joto na hita. Vihami joto havihitaji. Iko kwenye tovuti ya mtengenezaji au kwenye cheti chake.

Hatua ya 6: Jaza

Sola inajazwa Sehemu ya I ya Fomu 5695 na kwenda Jedwali la 3 (Schedule 3), mstari wa 5a. Matengenezo ni Sehemu ya II, kisha mstari wa 5b. Wenye watoto wasihofu: krediti ya matengenezo hukata kodi kabla ya krediti ya watoto, na sehemu ya krediti ya watoto inayobaki inaweza kurudishwa kama fedha, ukitimiza masharti yake. Kwa sola mpangilio ni kinyume: ya watoto hutangulia.

Ulisahau mwaka 2023?

Rekebisha kwa Fomu 1040-X. Aliyewasilisha ritani ya 2023 kwa wakati ana hadi 15 Aprili 2027. Ambatisha Fomu 5695 ya mwaka huohuo wa 2023, si ya mwaka mwingine. Risiti kaa nazo nyumbani. IRS ikizitaka itakuandikia barua.